Sikukuu ya kwanza katika nyumba mliyoinunua: msiifanye kuwa tarehe ya mwisho ya mafundi

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa sikukuu unapokaribia, mtu aliyenunua nyumba mwaka huu hujikuta na hesabu ambayo mpangaji hana. Mpangaji hujiuliza atapika nini na atamwalika nani. Mwenye nyumba mpya huongeza swali la tatu, nalo ndilo linalomnyima usingizi: je, nyumba itakuwa imekamilika? Rangi ya sebule, mapazia, kabati la jikoni ambalo mlango wake haufungi, taa za nje na vigae vya bafuni, vyote hupangiwa siku moja, yaani siku ya sikukuu, na kuanzia hapo fundi, muuza vifaa na familia nzima hukimbizwa na kalenda.

Hoja yangu ni kwamba kalenda ya sikukuu na kalenda ya nyumba ni vitu viwili visivyojuana, na anayevilazimisha kukutana hulipa mara mbili: humlipa fundi wa haraka kabla ya sikukuu, kisha humlipa fundi wa kurekebisha baada yake. Ni bora kusherehekea katika nyumba kama ilivyo, hata kama balbu ya sebuleni inaning'inia bila kifuniko, kuliko kuikamilisha kwa pupa ili wageni waione.

Nieleze kwa nini nasema pupa. Zege hupimwa nguvu yake baada ya siku 28, kwa sababu saruji huendelea kuungana na maji na kukomaa kwa majuma kadhaa baada ya kumwagwa, hata pale ambapo juu inaonekana kavu na mtu anaweza kutembea. Tabaka la saruji na mchanga linalosawazishwa juu ya sakafu hukauka, hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku, kwa hiyo tabaka la milimita 50 linahitaji karibu miezi miwili kabla ya kufunikwa kwa mbao au zulia la kugandishwa. Anayefunika mapema hufungia maji chini, na mbao hizo zitaanza kupinda wakati wageni wameshasahau walikuja lini. Plasta mbichi nayo ikipakwa rangi kabla ya kukauka huusukuma unyevu nje baadaye, rangi ikavimba na kumenyuka. Hata rangi ya maji, ambayo hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, huchukua majuma mawili hadi manne kuwa ngumu kabisa. Ukuta uliopakwa siku chache kabla ya kuegemewa na viti, mabegi na mikono ya watoto utabaki na alama ambazo kitambaa hakitaziondoa. Sijagusa bado harufu ya vanishi na rangi za mafuta, ambayo hukaa ndani siku kadhaa na ambayo mwenye pumu au mama mwenye mtoto mchanga hapaswi kulazwa ndani yake kwa heshima ya sikukuu.

Kuna mambo machache ambayo kweli hayawezi kusubiri, na ajabu ni kwamba mengi hayaonekani kwa mgeni. La kwanza ni vitasa. Funguo za nyumba iliyonunuliwa zimepita mikononi mwa muuzaji, dalali, mafundi na pengine mpangaji wa zamani, na hakuna anayejua nakala ziko ngapi. Mara nyingi si lazima kubadili mlango wala kitasa kizima, kwani fundi anaweza kubadili silinda peke yake, yaani kile kipande cha kitasa kinachoingizwa ufunguo, kwa gharama ndogo. La pili ni kujua koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme ziko wapi, na kuzijaribu kama zinafunga. Koki ambayo haijaguswa kwa miaka mingi hukwama, na saa ya kugundua hilo isiwe ile ambayo bomba limepasuka na nyumba imejaa watu. La tatu ni vitambua moshi. Kama vipo, bonyezeni kitufe cha majaribio na kubadili betri. Kama havipo, fungeni angalau kimoja darini karibu na vyumba vya kulala. La nne ni gesi, kwa wanaopikia gesi: mpira na vali vikaguliwe kwa povu la sabuni, na mkumbuke kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, ambapo dirisha la juu pekee halitaitoa.

Baada ya hayo, yaliyobaki yanaweza kungoja, na naona kungoja kwenyewe kuna faida. Sikukuu ya kwanza huwaonyesha wenye nyumba mambo ambayo ramani haikuonyesha. Watu wakijaa mtaona wanapenda kukaa wapi, wapi njia inabana, mlango upi unagonga mwingine, sauti ya sebuleni inafika chumba kipi, na kama meza ya watu sita ni ndogo au kubwa mno. Aliyenunua seti nzima ya samani kabla ya sikukuu amenunua kwa kukisia; aliyeazima viti akanunua mwezi unaofuata amenunua kwa kuona. Ndiyo maana huwa nasikitika kidogo ninapowaona watu wakijaza nyumba kwa mkopo wa samani juu ya mkopo wa nyumba ili picha za siku moja zipendeze.

Karibuni tujadili.

Mkwe wa Kwanza

Mkuu, umesema vyema, lakini kwangu maji yameshamwagika. Mke wangu na mimi tulipopata funguo tulitangaza kwa furaha kwamba mwaka huu pande zote mbili za familia zitakutana kwetu, na sasa watu kumi wamethibitisha kwamba watalala siku tatu. Nyumba ina vyumba vitatu, bafu mbili, tangi la lita 1,000 na shimo la maji taka ambalo sijui lilinyonywa lini. Kuahirisha haiwezekani bila kuwaudhi wazee. Nianzie wapi?

Kizingiti

Ndugu yangu, anzia kwenye maji, kwa sababu godoro huazimika lakini shimo la maji taka haliazimiki.

Kwa hesabu inayotumiwa na Umoja wa Mataifa, mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na usafi. Chukua kiwango cha chini kabisa: wageni kumi kwa lita 50 ni lita 500 kwa siku, na kwa siku tatu ni lita 1,500, kabla hamjajihesabu ninyi wenyeji. Tangi lako halifiki siku ya tatu kama mgao utakatika. Jaza ndoo na mapipa yenye mifuniko mapema, na usione haya kuwaambia watu waoge kwa zamu. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, nadhani walichukulia kwamba maji ya kunawa yamo ndani.

Kuhusu shimo, muulize muuzaji kabla hujamwita mtu wa gari. Shimo la kawaida lenye njia ya kunywesha maji ardhini hunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kutegemea ukubwa wake na idadi ya watu. Kama hakuna anayekumbuka, nyonya kabla ya wageni kufika. Katika siku hizo tatu mashine ya kufulia ipumzike, kwa sababu maji mengi yanayoingia kwa mkupuo huvuruga tope lililotulia na kulisukuma hadi kwenye mifereji ya kunyweshea, nayo ikiziba ukarabati wake ni mkubwa mno. Mafuta ya kupikia yasimwagwe kwenye sinki, na weka pipa dogo lenye mfuniko katika kila choo ili vitambaa na pedi visitupwe ndani.

Kwa wazee, wape chumba kilicho karibu na choo na uache taa ndogo ikiwaka ukumbini usiku. Katika nyumba yao wanajua kila ngazi gizani, ila kwako hawajui hata moja.

Fundi Mstaafu

Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani kwa muda mrefu, kwa hiyo niongeze upande wangu.

Nyumba iliyonunuliwa kutoka kwa mtu mwingine ina historia ya nyaya ambayo mnunuzi haijui. Muuzaji wa awali alikuwa na taa tano na redio. Aliyemfuata aliongeza friji, na wa tatu akaongeza hita ya maji kwa kuunganisha juu ya waya uleule. Siku ya kawaida mfumo huo huvumilia, na ndiyo maana mkaguzi wa macho tu hupita bila kuona kitu. Siku ya sikukuu oveni, birika, pasi na taa za mapambo huwashwa kwa pamoja, na hapo ndipo waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta.

Fanyeni hesabu hii ndogo. Katika mfumo wa volti 230, soketi ya ampea 13 hubeba takribani vati 3,000. Birika la umeme peke yake mara nyingi hula vati 2,000 au zaidi, na pasi inakaribia hapo. Kwa hiyo ekstensheni moja yenye matundu manne haiongezi umeme wowote, bali inaongeza tu idadi ya vitu vinavyogombania vati zilezile 3,000. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, isipitishwe chini ya zulia, na ile ya kuviringishwa ifunguliwe yote kabla ya kutumiwa kwa kifaa kikubwa, kwani ikiwa imejiviringisha joto halina pa kutokea.

Taa za mapambo si tatizo tena kama zamani. Uzi wa balbu ndogo 100 za kizamani ulikuwa ukila takribani vati 40, na balbu zenyewe zilikuwa za moto. Uzi wa LED wenye idadi hiyohiyo hula vati chache tu. Tatizo lililobaki ni kutumia nje taa zilizotengenezwa kwa matumizi ya ndani, ambazo maji huziingia. Someni kilichoandikwa kwenye kasha.

La mwisho, fungueni kisanduku cha umeme mtafute kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Kina kitufe cha majaribio. Ukibonyeza na umeme haukukatika, au kifaa chenyewe hakipo, mwite fundi kabla ya kumwita mpambaji. Kifaa cha kulinda binadamu kwa kawaida hukata uvujaji wa milliampea 30, na mtu mwenye mikono iliyolowa anapogusa friji yenye hitilafu, hicho ndicho kinachobaki kati yake na kifo.

Dada wa Ghorofa ya Tatu

Nashukuru kwa maelezo, lakini naona mmejadili nyumba kama kwamba sote tuna ua na shimo letu. Sisi tulionunua sehemu ya jengo tuna mambo ya ziada. Ukuta wangu ni ukuta wa jirani, sakafu yangu ni dari ya mwingine, na kabla sijapanga muziki nilipaswa kusoma kanuni za umoja wa wamiliki, ambazo wanunuzi wengi huzitia sahihi bila kuzifungua. Humo ndimo mnakoandikwa saa za kelele, sehemu za maegesho ya wageni, marufuku ya kuchomea nyama kwenye kibaraza, na hata kama unaruhusiwa kutundika taa upande wa nje.

Nilichokifanya mimi ni kupita mlango kwa mlango kwenye ngazi yangu juma moja kabla, nikajitambulisha kuwa ni mmiliki mpya na nikaeleza tutakuwa na wageni hadi saa ngapi. Bibi wa chini yangu aliniomba tu watoto wavue viatu ndani, jambo ambalo nisingelifikiria kamwe, na usiku ule hakuna aliyegonga ukuta.

Maisha Mafupi

Samahani Kizingiti, mimi napingana nawe. Mtu amejinyima miaka mingi, amelipa amana, amepanga foleni za benki na kusaini makaratasi ambayo hakuyaelewa yote, halafu siku ya kwanza ya furaha unamwambia aazime viti na akague koki! Kuna watu katika familia zetu ambao hawatakuwapo mwaka ujao. Mama yangu alitaka kuiona nyumba ikiwa imepambwa, nami niliipamba. Kama rangi ilibanduka baadaye, na ibanduke. Hesabu zenu ni sahihi, lakini nyumba haikununuliwa ili itunzwe kama mgonjwa.

Kizingiti

Nimekusoma kwa heshima, na katika hilo la mzazi sina pingamizi. Mtu akijua kwamba muda wa mpendwa wake ni mfupi, basi apambe, apake rangi, na gharama ya kurudia aihesabu kuwa sehemu ya zawadi. Huo ni uamuzi uliofanywa macho yakiwa wazi.

Ninachokipinga ni tofauti kidogo. Wengi wanaoharakisha hawaharakishii mama, bali wanamharakishia yule ndugu aliyewahi kusema kwamba hawatafika popote, na mfanyakazi mwenzao atakayetazama picha. Mgeni wa namna hiyo hata ukimwekea marumaru mpya atauliza kwa nini dari ni fupi. Kupamba nako hakugombani na hoja yangu. Kitambaa safi mezani, majani mabichi ndani ya chupa, na taa chache za LED dirishani havihitaji saruji ikomae, na siku ikipita huondolewa bila kuacha kovu ukutani.

Mishumaa tu ndiyo ningependa iwekwe mbali na mapazia, angalau sentimita 30 kutoka kwa chochote kinachoweza kushika moto, na izimwe kabla ya mtu wa mwisho kutoka chumbani. Watu walipambia miti mikavu kwa mishumaa kwa vizazi vingi hadi Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipouwasha mti wake kwa balbu 80 za umeme nyumbani kwake New York mwaka 1882, na mpaka leo mshumaa bado unachoma nyumba za watu kila msimu.

Mtunza Hesabu

Niseme kuhusu fedha kwa kifupi. Marejesho ya mkopo hayajui sikukuu, na rejesho la mwezi unaofuata hukutana na ada za shule, kodi za mwaka mpya na mfuko uliochoka. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wengi ni kutenga kila mwaka takribani asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa matengenezo, na nyumba kuukuu huhitaji zaidi. Tengeni fungu hilo kwanza, kisha sherehe ipewe kinachobaki.

Jambo jingine ni bima. Mkopeshaji hutaka bima ya jengo kwa sababu jengo ndilo dhamana yake; vitu vilivyomo ndani mara nyingi havimo katika bima hiyo. Aliyenunua televisheni kwa ajili ya wageni asidhani imekingwa kwa sababu tu benki inamkata malipo ya bima kila mwezi.

Mama Wawili

Naomba niwakumbushe jambo ambalo akina baba hamkulitaja. Wageni wa nyumba mpya hutaka kutembezwa, na huanza kufungua milango wenyewe. Amueni mapema, mume na mke, vyumba vipi vinaonyeshwa na vipi vinafungwa kwa ufunguo. Hati ya nyumba, mkataba wa mkopo na risiti za mafundi zisiwe kwenye droo ya sebuleni, na watoto wasikabidhiwe kazi ya kuwatembeza watu. Swali la "mlinunua kwa kiasi gani?" nalo litakuja, tena mbele ya watu, kwa hiyo mkubaliane jibu moja la kiungwana mnalolisema wote wawili. Sisi husema kwamba benki ndiyo inayojua vizuri zaidi, watu hucheka, mazungumzo yanasonga.

Picha nazo zisitumwe mtandaoni zikionyesha geti, namba ya nyumba na kwamba mmesafiri.

Nina swali kwa Fundi Mstaafu: nataka kutundika pambo zito juu ya soketi ya sebuleni. Ni salama kutoboa ukuta hapo?

Fundi Mstaafu

Hapana, dada yangu, usitoboe hapo. Nyaya zinazolisha soketi na swichi kwa kawaida hupita wima juu au chini yake, au mlalo kwenda soketi jirani, na mabomba hufuata utaratibu huohuo kutoka kwenye koki na sinki. Sogea pembeni, nje ya mistari hiyo, na kama unaweza kuazima kifaa cha kutambua nyaya ukutani, kipitishe kwanza. Nyumba ambayo hukuijenga usiiamini hata nje ya mistari hiyo, kwa sababu nimeona nyaya zilizopitishwa mshazari na fundi aliyetaka kuokoa mita mbili za waya. Kwa pambo la msimu mmoja tumia kulabu ya kubandika yenye uzito ulioandikwa kwenye pakiti, lakini si juu ya rangi mpya, maana itaondoka nayo.

Kama mnategemea jenereta umeme ukikatika, ikae nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha na milango. Isiwekwe gerejini hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na jiko la mkaa linaloingizwa ndani ili kupasha chumba joto hutoa hiyohiyo. Anayelala humo haamki kuomba msaada.

Mkwe wa Kwanza

Nashukuruni nyote. Mtu wa gari la kunyonya atakuja keshokutwa, silinda za milango miwili zimebadilishwa leo, na mke wangu amekubali kwamba sebule ibaki na rangi ya muuzaji, ingawa amesema wazi kwamba haipendi. Kilichobaki ni koki kuu, ambayo nimeipata nyuma ya mtungi wa gesi na haizunguki hata kidogo. Je, niilazimishe kwa spana au nimwite fundi bomba?

Kizingiti

Mwite fundi bomba, na umwite wakati maduka ya vifaa bado yako wazi. Koki iliyoganda ikikatikia mkononi mwako usiku, utakuwa umejiletea mafuriko uliyokuwa ukiyakimbia. Mwambie pia ahamishe mtungi huo, kwani koki ya dharura haipaswi kufikiwa kwa kubeba kitu kizito.